Mkanda wa kiuno wa pampasi za chupi: nyuzi nene chache au nyembamba nyingi?

laini_saizi_L aliuliza:

Habari wakuu. Naomba msaada wa kiufundi kuhusu mkanda wa kiuno wa pampasi za kuvaa kama chupi, saizi L, mtoto wa kilo 9 hadi 14.

Mikanda ni miwili, wa mbele na wa nyuma. Kila mmoja ukinyooshwa una milimita 360, na mshono wa ubavuni unakula milimita 5 kila upande, kwa hiyo duara lote likivutwa mpaka mwisho ni milimita 700. Ukiilaza pampasi mezani bila kuivuta, kiuno kina upana wa milimita 175, yaani duara la 350. Eneo la lastiki lina kimo cha milimita 80. Ndani yake kuna nyuzi 6 za spandeksi (uzi wa lastiki) za desiteksi 940 (kipimo cha unene wa uzi), na mvuto ni 300%. Gundi ya moto inapulizwa kwa mizunguko juu ya eneo lote, gramu 8 kwa mita ya mraba.

Malalamiko yanayorudi: mistari myekundu tumboni, pampasi kushuka ikishalowa, na mgongoni kubaki wazi kiasi kwamba kinyesi chepesi kinapanda juu. Uongozi unataka twende desiteksi 1240 ili mkanda ushike zaidi. Naona kama mistari itaongezeka. Mnashauri nini?

---

Spuli_na_Rola:

Mkuu, kabla ya kugusa uzi, hiyo "mvuto 300%" ni ipi? Wauzaji wa uzi na mafundi wa mashine hawahesabu sawa. Uzi wa sentimita 10 ukivutwa ukafika 30, uwiano wake ni 3, lakini nyongeza ni 200%. Nyongeza ya 300% maana yake sentimita 10 zimekuwa 40. Karatasi ya muuzaji huandika nyongeza, na skrini ya mashine nyingi huandika uwiano. Ukichukua namba ya huku ukaiweka kule, uzi mzima unafanya kazi mahali ambapo hakuna aliyekusudia.

Usiamini skrini. Mashine ikiwa kwenye mwendo wa polepole, weka alama za wino kwenye uzi kabla ya rola ya kulisha, kila milimita 100. Kata mkanda baada ya uzi kugundishwa, unyooshe mpaka mikunjo yote iishe, halafu pima umbali kati ya alama. Fanya kwa kila uzi peke yake. Kama spuli zako zinavutwa kwa juu bila rola inayoendeshwa, utakuta nyuzi hazifanani, kwa sababu kila kijicho cha kauri unachopitisha uzi kinaongeza msuguano, na uzi uliopinda mara nne unafika umekaza kuliko uliopinda mara mbili.

---

laini_saizi_L:

Nimepima. Alama za 100 zimetoka wastani wa 390. Uzi wa juu kabisa ndio uliokaza zaidi.

---

Hesabu_za_Kiuno:

Basi uwiano wako ni 3.9, na hapo ndipo shida zako zote tatu zinapoanzia. Wazo la 1240 liachwe kwanza.

Mkanda usiusanifu kuanzia kwenye spuli, usanifu kuanzia kiunoni. Tuchukue mtoto wa katikati ya saizi hiyo, duara la kiuno milimita 480 akiwa ameshiba. Mkanda wako ukiwa mwilini umefunguka 480 kati ya 700, kwa hiyo uzi uko kwenye uwiano wa 3.9 × 480 ÷ 700, karibu 2.67. Nyongeza ni 167%, na mtoto anakaa nayo usiku kucha. Kibaya zaidi ni ndani ya pakiti: mkanda umelala kwenye duara la 350, nusu ya 700, kwa hiyo uzi bado uko kwenye 1.95. Umevutwa kwa 95% hata kabla pampasi haijafika dukani! Muda wote huo unaivuta gundi. Kitambaa na gundi ndivyo vinavyouzuia usirudi kwenye urefu wake, na gundi ikipata joto inaachia kidogo kidogo.

Sasa nguvu. Ukiwa mwilini, mkanda haufanyi kazi kwenye njia ya kwenda bali kwenye njia ya kurudi. Mzazi anaufungua sana ili upite mapajani, kisha unarudi mpaka 480 na kukaa hapo. Spandeksi, kama lastiki yoyote, ikirudi inatoa nguvu ndogo kuliko iliyotumika kuivuta kwenye urefu uleule. Ukipima nguvu wakati wa kuvuta tu, utajidanganya.

Nguvu kiasi gani inahitajika? Tuseme mkazo wa mkanda kwenye 480 ni nyutoni 1.5. Jumla ya msukumo wake kwenye ngozi kuzunguka kiuno ni mkazo mara 6.28, karibu nyutoni 9.4. Msuguano wa kitambaa na ngozi tuuweke 0.3, mkanda unaweza kushika nyutoni 2.8, uzito wa gramu 290 hivi. Makalio na lastiki za mapajani zinasaidia, ila hesabu hiyo inaonyesha kwa nini pampasi yenye mkojo wa gramu 300 iko kwenye ukingo wa kushuka. Mkanda ukipoteza 30% ya mkazo, unabakiwa na uwezo wa gramu 200 tu. Kwa hiyo "pampasi inashuka" kwa kawaida ni mkanda uliolegea baada ya kuvaliwa. Mara chache sana ni mkanda uliotoka kiwandani dhaifu.

Mistari myekundu nayo ina hesabu yake. Shinikizo ni mkazo ugawanywe kwa nusu-kipenyo cha kiuno mara upana unaogusa. Nusu-kipenyo cha duara la 480 ni milimita 76.4. Nyutoni 1.5 zikitandazwa sawasawa kwenye kimo cha milimita 80, shinikizo ni paskali 245, chini ya milimita 2 za zebaki. Mtoto hata hahisi. Lakini wewe una nyuzi 6 kwenye kimo hicho, yaani nafasi ya zaidi ya sentimita moja kati ya uzi na uzi. Hapo mkanda hautandazi kitu, kila uzi unabonyeza peke yake. Uzi mmoja unabeba nyutoni 0.25, na ukigusa ngozi kwa upana wa milimita 1 tu, shinikizo chini yake linafika karibu paskali 3,270, kama milimita 24 za zebaki. Mkazo uleule ukigawanywa kwa nyuzi 14, chini ya kila uzi unabaki na 10 na kitu. Na zikiwa karibu, mikunjo ya kitambaa inakuwa midogo na mingi, inagusana, na ngozi inakutana na kitambaa kabla ya uzi.

Pendekezo langu la kuanzia: nyuzi 14 za desiteksi 470 kwa kila mkanda, uwiano 2.8. Kwenye kiuno cha 480 uzi utakuwa kwenye 1.92, nyongeza ya 92%, mahali ambapo mkazo haubadiliki sana mtoto akishiba au akikaa. Mpangilio: uzi wa kwanza milimita 4 kutoka ukingoni, sita za juu kwa nafasi ya milimita 4, nane za chini kwa nafasi ya milimita 7. Hesabu inaishia kwenye milimita 80 kamili. Uzi wa ukingoni kabisa usiuvute kuliko wenzake. Huo ndio unaokata tumbo mtoto akiinama, na ndio uliokaza zaidi kwenye vipimo vyako. Kitambaa cha nje kikunje kuelekea ndani kifunike ukingo, ili ncha kali ya mshono isikutane na ngozi.

---

GundiMoto:

Naongezea upande wa gundi, kwa sababu hata mpangilio huo mzuri utalegea uzi ukiteleza.

Kwanza, nyuzi nyembamba nyingi zinasaidia hata hapa. Mzingo wa uzi unakua kwa kipeuo cha pili cha desiteksi. Nyuzi 14 za 470 zina eneo la kushikwa na gundi karibu mara 1.65 ya nyuzi 6 za 940. Kwa mkazo uleule, kila sehemu ya gundi inavutwa kwa karibu 40% pungufu.

Pili, gramu 8 kwa mita ya mraba unazopuliza, nyingi zinaanguka katikati ya nyuzi. Zinaunganisha kitambaa na kitambaa, mkanda unakuwa mgumu kama karatasi na kujikunja unakataa, ila uzi wenyewe umepata nyuzinyuzi chache za gundi juu yake. Badili nozeli iwe ya kuvika kila uzi gundi yake, miligramu 30 hadi 40 kwa mita ya uzi uliovutwa. Kagua kwa lenzi ya kukuza mara 10: gundi iwe imeuzunguka uzi. Ukiona imelala upande mmoja tu, ama gundi imepoa kabla ya kufika, ama uzi haupiti katikati ya mfereji wa nozeli.

Joto la kichwa cha nozeli fuata karatasi ya gundi yako. Kwa nyingi za aina hii ni nyuzijoto 150 hadi 160. Ukilishusha ili usichome uzi, gundi inakuwa nzito na haizunguki. Ukilipandisha mno, uzi uliokaza unakatika kila mashine inaposimama, kwa sababu umegusa chuma cha moto bila kusogea. Dawa ya hilo ni kichwa kinachonyanyuka chenyewe mashine ikisimama. Kushusha joto si dawa.

Tatu, mafuta ya uzi. Spandeksi hupakwa mafuta ya silikoni ili isigandane kwenye spuli. Ile ya viwanda vya nguo huwa na mafuta mengi kuliko iliyotengenezwa kwa ajili ya pampasi, na bei yake huvutia. Dalili yake ni hii: chambua mkanda, uzi unatoka mzima, msafi, na mfereji wa gundi unabaki kwenye kitambaa kama ala tupu. Hapo hata ukiongeza gundi mara mbili, uzi utateleza tu. Spuli zilizokaa stoo ya joto kwa miezi mingi nazo zina tatizo la kinyume: zamu za ndani zinagandana, uzi unatoka kwa kurukaruka, na uwiano unapanda spuli ikikaribia kuisha.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi za wauzaji hazilitaji: mafuta ya mgando na mafuta ya mtoto. Huku kwetu mtoto anapakwa kiunoni kabla ya kuvishwa. Gundi hizi zimejengwa kwa mpira wa stairini, na mafuta ya petroli yanauingia na kuulainisha. Yanashusha msuguano wa ngozi hapohapo. Kwa hiyo jaribio la kuteleza lifanye mara mbili, sampuli kavu na sampuli iliyopakwa mafuta upande wa ngozi. Ukiweza, weka kitambaa cha ndani kizito kidogo ili mafuta yachelewe kufika kwenye uzi.

---

mama_wa_ubora:

Kuhusu mgongo kuwa wazi, msiulaumu mkanda peke yake. Mkazo unazunguka duara lote, kwa hiyo kuongeza nguvu ya mkanda wa nyuma kunavuta na wa mbele. Angalieni kiini cha kunyonya kinaishia wapi. Kama ncha yake ngumu imefika ndani ya eneo la lastiki, inafanya ubao mgongoni: nyuzi zinavuta pande zote mbili, ubao haujipindi kufuata mgongo, na katikati panainuka. Mtoto akikaa panafunguka zaidi.

Ncha ya kiini iachwe angalau milimita 35 chini ya ukingo wa kiuno. Nyuzi sita za juu zipite mfululizo bila kukatwa. Zile za chini zinazopita juu ya kiini zikatwe katikati kwa rola ya visu vifupi, zikiacha kama milimita 10 kila upande juu ya kingo za kiini ili zipate pa kushikia. Pale zinapokatwa gundi isiwekwe, uzi urudi nyuma mpaka sehemu yenye gundi. Tatizo linalojitokeza mara nyingi ni visu vilivyochakaa: vinakata nyuzi 6 kati ya 8, mbili zilizobaki zinakikunja kiini kama bahasha, na mkojo unakimbilia kwenye mkunjo. Kila zamu chukueni pampasi moja, ifunueni katikati, mhesabu ncha za nyuzi.

Mkanda wa nyuma uwe mrefu kwenda chini kuliko wa mbele, sentimita 3 hadi 4, ufunike makalio. Tumbo linahitaji nafasi, makalio yanahitaji kufunikwa.

---

laini_saizi_L:

Asanteni sana, nimeelewa. Dada wa ubora, ncha ya kiini yetu iko milimita 18 tu kutoka ukingoni, nadhani umepiga penyewe. Yamebaki mawili. Gharama: nyuzi 14 badala ya 6 nitaiteteaje kwa uongozi? Na hatuna mashine ya maabara ya kuvuta, tutapimaje?

---

Hesabu_za_Kiuno:

Gharama ni ya kupima kwa gramu. Desiteksi ni gramu kwa mita 10,000, basi uzi wa 940 una gramu 0.094 kwa mita na wa 470 una 0.047. Sasa hivi kila mkanda unakula 6 × 0.36 ÷ 3.9 × 0.094, gramu 0.052. Pendekezo linakula 14 × 0.36 ÷ 2.8 × 0.047, gramu 0.085. Kwa mikanda miwili nyongeza ni gramu 0.065 kwa pampasi, kilo 65 kwa pampasi milioni moja. Upande wa gundi, unapuliza gramu 0.23 kwa mkanda. Ukivika kila uzi kwa miligramu 35 kwa mita unatumia 0.176. Unaokoa gramu 0.108 kwa pampasi. Kilo ya spandeksi ni ghali kuliko ya gundi, kwa hiyo usiuahidi uongozi kwamba itafidia yote. Waonyeshe pia kwamba uzi mwembamba huwa ghali kidogo kwa kilo. Ni afadhali wajue sasa kuliko kukutana nalo kwenye ankara.

Kupima bila maabara inawezekana. Chukua vipande viwili vya bomba laini la plastiki vya kipenyo cha milimita 20, viweze kuzunguka kwenye misumari. Kimoja kifungwe kwenye ubao, kingine kiunganishwe na mizani ya kidijitali ya kupimia mizigo ya safari, ile yenye ndoano. Vika kiuno cha pampasi kwenye bomba zote mbili. Vuta mpaka umbali wa katikati ya bomba na bomba uwe milimita 299. Hapo duara ni 660. Subiri sekunde chache, rudisha mpaka milimita 209, duara la 480, kisha usome. Mizani inabeba pande mbili za duara, kwa hiyo mkazo wa mkanda ni nusu ya namba unayoiona. Kosa hilo la kusahau kugawa kwa mbili linafanya watu wadhani mkanda wao una nguvu maradufu. Kwa lengo la nyutoni 1.5, mizani isome kama kilo 0.31.

Pima tano mpya, halafu zifunge kwenye duara la 480 ndani ya kabati la nyuzijoto 38 kwa saa 4, uzipime tena zikiwa bado na joto. Mimi hukubali kushuka kusikozidi 20%.

---

GundiMoto:

Na ili ujue kama kilichoshuka ni uzi au ni gundi: chukua mkanda mwingine, unyooshe karibu mpaka mwisho, ubane kwa stepla juu ya kadibodi ngumu. Weka alama mbili za umbali wa milimita 200, kisha kata nyuzi kwa wembe kwenye alama zote mbili bila kutoboa kitambaa cha chini. Ingiza kwenye kabati lilelile, saa 4. Toa, pima urefu wa kila uzi uliobaki kati ya alama. Uliorudi mpaka 170 umeteleza 15%. Ukizidi 25%, tatizo ni gundi au mafuta ya uzi. Kama nyuzi hazijasogea lakini mizani ya bomba bado inashuka, uzi wenyewe umechoka kwa kuvutwa mno; rudi kwenye uwiano.

Chukua sampuli za pakiti mpya na za pakiti iliyokaa nyuzijoto 40 kwa wiki 4. Pakiti zetu zinakaa ndani ya kontena juani na kwenye stoo za mabati kabla ya kufika dukani, na mkanda unaofaulu siku ya kutoka kwenye mashine unaweza kuanguka hapo. Andika namba ya spuli kwenye kila sampuli, la sivyo ukipata matokeo mabaya hutajua urudi kwa muuzaji yupi.